Sumu ya Haraka Haimfikii Malkia

Sisimizi mkubwa mweusi anayekatiza jikoni saa nne za usiku, ukimpulizia dawa akafa papo hapo, umeua ajuza. Sisimizi wafanyakazi wote ni majike, na wanaotoka nje kutafuta chakula ni wale waliokwisha kula chumvi nyingi. Ujana wao waliumalizia gizani wakilea watoto wa malkia. Uzeeni wamepewa kazi ya hatari, ambayo wakifia huko kundi halipati hasara kubwa. Malkia mwenyewe na walezi wanaomzunguka hawajawahi kuliona jiko lako. Kesho usiku atakuja ajuza mwingine, na kopo la dawa litazidi kuwa jepesi.

Mpangilio huo wa umri na kazi umepimwa. Mwaka 2013, Danielle Mersch, Alessandro Crespi na Laurent Keller, wakiwa Lausanne nchini Uswisi, walichapisha matokeo ya kuyafuatilia makundi 6 ya Camponotus fellah, sisimizi wa Mashariki ya Kati. Kila mmoja alibandikwa mgongoni kijialama kinachosomeka kwa kamera, na kwa siku 41 kompyuta ikaandika alipo na aliyekutana naye. Wafanyakazi walijigawa mafungu matatu: walezi waliokaa karibu na malkia na watoto, wasafishaji wa kiota, na watafutaji waliotoka nje. Kwa kawaida mfanyakazi huanzia kwenye ulezi, huhamia kwenye usafi, kisha hutoka mlangoni akiwa mzee. Na ingawa waliishi katika nafasi ndogo, watu wa fungu moja walikutana zaidi wenyewe kwa wenyewe kuliko na wa fungu jingine.

Huyo Camponotus fellah ni ndugu wa wale wanaoitwa sisimizi seremala. Jenasi yao ina aina zaidi ya 1,000 duniani, na Afrika Mashariki wapo pia: ni wale wakubwa wanaoibuka usiku kutoka kwenye magogo na chini ya mawe wakifuata sukari. Lakini sifa yao mbaya majumbani imetoka Marekani na Kanada, ambako Camponotus pennsylvanicus upande wa mashariki na Camponotus modoc upande wa magharibi huingia kwenye nyumba zilizojengwa kwa fremu za mbao tangu sakafuni hadi paani. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya tofali Kisumu, Morogoro au Bukavu, kisha akahamia Maine, Minnesota au Ontario, hukutana huko na mdudu ambaye uzoefu wa nyumbani haukumwandaa kupambana naye.

Kwetu adui wa mbao ni mchwa, na mchwa anaila. Sisimizi seremala hali mbao hata chembe. Anaitafuna na kuitema apate vyumba vya kuishi, halafu anazoa maranda na kuyamwaga nje kupitia ufa mdogo. Kirundo cha maranda chini ya fremu ya dirisha au kwenye kona ya ghala ndiyo dalili ya kwanza ya kutafuta. Ukiyachambua utakuta, pamoja na vipande vya mbao, miguu na vichwa vya wadudu waliokufa, na pengine nyuzi za sufi ya kuhami joto inayowekwa ndani ya kuta. Ukipasua mbao yenyewe, vijia vyake ni safi na laini, ilhali vya mchwa vimepakwa udongo.

Hata wenye mbawa wanatofautiana. Kumbikumbi ana kiuno kinene, papasi zilizonyooka na mbawa nne zenye urefu sawa. Sisimizi mwenye mbawa ana kiuno chembamba, papasi zilizopinda katikati, na mbawa za mbele zinazozidi za nyuma kwa urefu. Inafaa kuwatambua kabla ya kutoa pesa, kwa sababu fundi atakayemwaga dawa ya mchwa ardhini kuzunguka msingi anaweza kuwa hajamgusa kabisa sisimizi aliyeko juu kwenye kenchi.

Sasa turudi kwa yule ajuza. Ana matumbo mawili. La nyuma ni lake, ndimo chakula chake kinamosagika. La mbele ni ghala la vimiminika, na mtaalamu wa Uswisi Auguste Forel aliliita tumbo la jamii, kwa kuwa kilichomo si mali ya mbebaji. Mtafutaji anayerudi na tumbo hilo limejaa ni dereva wa bodaboda aliyefungasha kreti za soda: mzigo uko juu yake, wenyewe wanamsubiri mbele. Akimkuta mwenzake mwenye njaa, hupapasana, hufungua taya na kumtemea tone mdomoni. Aliyepokea humpa mwingine, na huyo mwingine, mpaka tone liwafikie mabuu na malkia ambao hawatoki nje kutafuta.

Mwaka 1957, Edward Wilson na Thomas Eisner waliwapa sisimizi wa aina mbalimbali chakula kitamu kilichotiwa kiini chenye mionzi, ili waweze kupima kimefika kwa nani. Katika baadhi ya aina kilienea kwa wingi wa ajabu kutoka tumbo hadi tumbo. Katika nyingine hakikwenda mbali. Seremala wako katika kundi la wagawaji wakubwa. Karibu miaka 60 baadaye, Efrat Greenwald, Ofer Feinerman na wenzao katika Taasisi ya Weizmann nchini Israel waliwalisha Camponotus sanctus chakula chenye rangi inayong'aa, wakapima kila tone lililohama. Katika taarifa yao ya mwaka 2018 walionyesha kwamba mtafutaji humimina kwa kadiri ya nafasi iliyobaki katika tumbo la mpokeaji. Wenzake wakishiba, mzigo wake hautoki upesi, na yeye hukawia kurudi nje. Hakuna bosi anayetoa amri ya kuleta chakula zaidi. Njaa ya kundi zima husomwa tumbo kwa tumbo.

Kinachopita mdomoni si chakula peke yake. Mwaka 2016, Adria LeBoeuf na wenzake, nao wa Lausanne, waliyachunguza majimaji wanayopeana sisimizi seremala wa Florida, Camponotus floridanus. Walikuta humo protini, vipande vidogo vya taarifa za urithi na homoni inayoongoza ukuaji wa wadudu. Homoni hiyo ilipoongezwa kwenye chakula cha wafanyakazi, mabuu waliowalea walikuwa na uwezekano mara mbili wa kufika utu uzima. Kwa maneno mengine, walezi wanakipa kizazi kijacho chakula na maagizo kwa mlango mmoja.

Mlango huo ndio njia ya kumfikia malkia, na ndiyo sababu sumu ya haraka inashindwa. Dawa inayomwangusha mtafutaji kabla hajafika kiotani imekata barabara ambayo ingeipeleka ndani. Watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani waliokuwa wakipambana na sisimizi wa moto kusini mwa nchi hiyo waliiandika kanuni hii kwa tarakimu mwaka 1964. Sumu inayofaa kwa chambo, walisema, iue chini ya asilimia 15 katika saa 24 za kwanza, na zaidi ya asilimia 89 kufikia mwisho wa jaribio. Isiwafukuze kwa harufu wala ladha, iweze kupita mdomo kwa mdomo, na ikishazimuliwa katika matumbo mengi bado iwe na nguvu ya kuua.

Mtafiti John Klotz aliipeleka kanuni hiyo kwa seremala. Mwaka 1996, yeye na mwenzake walichapisha majaribio ya kuwanywesha sisimizi seremala wa Florida asidi ya boriki ndani ya maji ya sukari. Kipimo kilichokuja kuenea kutokana na kazi za aina hiyo ni kidogo sana: asidi asilimia 1 katika maji yenye sukari asilimia 10. Kwa lugha ya jikoni, ni gramu 1 ya asidi na gramu 10 za sukari katika mililita 100 za maji. Mtu mwenye hasira hutamani kuzidisha, na hapo ndipo anapoharibu. Chambo kikali hukataliwa, au huwaua wabebaji njiani, na kazi inarudi kuwa ile ile ya kopo la kupuliza.

Wala usidhani kwamba kuwajeruhi wachache kutalidhoofisha kundi. Mwaka 2024, Erik Frank na wenzake walieleza jinsi seremala wa Florida wanavyowatibu majeruhi. Mwenzao akiwa na kidonda pajani, wanaukata mguu mzima kwa kuutafuna pale unapoungana na mwili. Kati ya waliokatwa, asilimia 90 hadi 95 walipona, ilhali walioachwa bila tiba hawakufika asilimia 40. Kidonda kikiwa chini ya goti, wanakilamba tu. Utafiti mwingine, wa mwaka 2020, uliongozwa na Simon Tragust: sisimizi hawa humeza asidi yao wenyewe, ile wanayomrushia adui, na kulifanya tumbo la mbele liwe kali kiasi cha kuua vijidudu vilivyo kwenye chakula. Jamii yenye hospitali na kichujio cha maji haianguki kwa pigo la juujuu.

Shida nyingine ni anwani. Laurel Hansen na Roger Akre, waliowachunguza seremala kwa miaka mingi katika jimbo la Washington, walionyesha kwamba kundi moja huwa na nyumba kadhaa. Kipo kiota kikuu, anamokaa malkia pamoja na mayai na mabuu wachanga. Mayai na mabuu hao hukauka upesi, kwa hiyo kiota hicho huwa kwenye mbao zenye unyevu: kisiki, mti uliooza ndani, nguzo iliyozikwa, au ukuta ambao maji yamekuwa yakiuingia kimyakimya. Halafu vipo viota tanzu, vyenye wafanyakazi, mabuu wakubwa na pupa, ambavyo vinastahimili ukavu. Mara nyingi kilichomo ndani ya nyumba ni tanzu, wakati malkia yuko uani kwenye kisiki, makumi ya mita kutoka hapo. Ukibomoa ukuta ukateketeza tanzu, umewaua wengi na bado hujammaliza yeyote anayetaga.

Kwa hiyo kazi huanza kwa uchunguzi, na uchunguzi wenyewe ni wa usiku. Seremala hutoka zaidi baada ya jua kuzama, nao hupenda kufuata kingo: bomba, waya, ua, tawi linalogusa paa. Funika tochi kwa karatasi nyekundu inayopitisha mwanga, kwa sababu rangi hiyo hawaioni vizuri, kisha tazama wanakotoka na wanakoingia. Tone la asali na kipande cha samaki wa kopo vilivyowekwa njiani vitakusaidia mara mbili. Kwanza, aliyeshiba huelekea kiotani moja kwa moja, nawe unamfuata. Pili, utajua wiki hiyo wanataka kitu gani. Mabuu wanapokuwa wengi, hasa majira ya kuchipua, kundi hutafuta protini. Wakati mwingine hufuata sukari. Chambo cha sukari mbele ya kundi lenye hamu ya nyama kitakaa hapo mpaka kikauke.

Uhusiano wao na sukari una historia yake. Katika miaka ya 1880, Mjerumani Friedrich Blochmann aliona bakteria wanaoishi ndani ya seli za utumbo wa seremala. Leo wanaitwa Blochmannia kwa heshima yake. Vinasaba vya bakteria hao viliposomwa mwaka 2003, ilionekana kwamba wanaweza kutengeneza asidi amino ambazo sisimizi hawezi kujitengenezea, na majaribio ya mwaka 2007 yakaonyesha kwamba wanageuza hata taka za naitrojeni kuwa lishe. Ndiyo maana seremala wanaweza kustawi wakitegemea sana majimaji matamu yanayotolewa na vidukari juu ya miti. Mti wenye vidukari ulioinamia paa ni mgahawa wenye daraja la kuingilia nyumbani kwako. Kata matawi yanayogusa nyumba, osha vidukari kwa maji ya mpira, funika sukari na asali, futa meza. Kumbuka kipimo cha Weizmann: kundi lililoshiba halina haraka na chambo chako.

Baada ya hapo weka chambo kidogo kidogo, kwenye pamba iliyolowa ndani ya kizibo, kando ya njia wanayopita. Asidi ya boriki huwadhuru pia watoto na wanyama wa nyumbani wakiimeza, kwa hiyo kizibo kikae ndani ya kikopo kilichotobolewa matundu madogo, mahali mkono wa mtoto usipofika, na jina la sumu liandikwe juu. Anayeweza kununua chambo kilichotengenezwa tayari anunue hicho na kufuata maelezo yake. Usipulize dawa karibu nacho, wala usioshe njia kwa siki siku hizo: harufu waliyoiacha chini ndiyo inayowaongoza wenzao kwenye chambo. Utawaona wamejaa, na moyo utakutuma uwapige. Waache wabebe. Badilisha pamba kabla haijakauka, na subiri siku kadhaa hadi wiki kadhaa.

Chambo hakifaulu kila mara. Kundi lenye chakula tele uani hukipuuza. Kiota kikijulikana kilipo, ni bora kukiendea: mbao zilizooza zitolewe na kuchomwa au kupelekwa mbali, na ukuta utobolewe ili unga wa asidi ya boriki upulizwe ndani ya vijia, kazi ambayo ni salama zaidi ikifanywa na fundi mwenye leseni. Muulize fundi huyo swali moja kabla hajafungua mtungi: kiota kiko wapi? Anayejibu kwamba atapuliza tu kuzunguka nyumba nzima amekuuzia kopo kubwa zaidi. Ukiwa mpangaji, piga picha za maranda na za mahali panapovuja, umwandikie mwenye nyumba.

Si kila sisimizi mkubwa ni msiba. Wawili watatu wanaopita sebuleni wakati wa kiangazi huenda wametoka uani kutafuta riziki na kurudi. Msituni wana kazi yao: wanaharakisha kuvunjika kwa miti iliyokufa, na kigogota mkubwa wa Amerika Kaskazini mwenye kishungi chekundu huwategemea kwa sehemu kubwa ya mlo wake. La kukutia wasiwasi ni wafanyakazi kuonekana ndani mwezi wa Januari, wakati nje kuna theluji, au wenye mbawa kumiminika dirishani majira ya kuchipua yanapoanza. Hapo kiota kimo ndani. Tena mbawa hizo hazitoki kwa kundi changa. Kundi huhitaji miaka kadhaa, kwa kawaida 3 hadi 6, kabla ya kuanza kuzaa wenye mbawa.

Kwa aliyeko Dar es Salaam au Mombasa, kanuni ni ile ile hata kama jina la mdudu ni jingine. Sisimizi wadogo wanaoandamana kuelekea bakuli la sukari nao hugawana chakula mdomo kwa mdomo, na Klotz alijaribu chambo hicho hafifu kwa aina kadhaa za wapenda sukari. Mstari wa chaki ya dawa ukutani huua wanaoukanyaga, halafu wengine wanazunguka. Maji ya sukari yenye sumu kidogo huingia yenyewe mpaka chumba cha ndani. Mchwa ni habari nyingine, na chambo hiki si chao.

Linabaki suala la maji. Kila mwaka malkia wapya huruka, hujamiiana, huvua mbawa, na kila mmoja hutafuta peke yake kishimo chenye unyevu cha kuanzia ukoo. Wafanyakazi wa kwanza huwalea kwa akiba iliyomo mwilini mwake, bila kutoka kula. Hahitaji nyumba kubwa. Kipande cha mbao kilicholowa chini ya sinki kinamtosha, na akifanikiwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Ukiliteketeza kundi lote leo ukaacha paa linavuja, umemwandalia mwingine chumba kilichokwisha kuchongwa. Basi anza na mifereji ya paa iliyoziba, bomba linalotona, fremu za madirisha, mbao zinazogusa udongo na kuni zilizoegeshwa ukutani. Fundi wa kwanza kuitwa ni wa paa na mabomba. Wa dawa atafuata, na kazi yake itakuwa ndogo.